Madaftari Mawili ya Ofisi ya Walimu

Katika ofisi yetu ya walimu kuna madaftari mawili ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyeyafungua pamoja. La kwanza ni la ruhusa: mwanafunzi anayeumwa huandikwa jina, kidato, anachoumwa na saa aliyoondoka. La pili ni la nidhamu, nalo hukaa kabatini kwa mwalimu wa nidhamu. Humo huandikwa kosa na adhabu. Nafundisha Baiolojia katika sekondari moja ya kutwa pembezoni mwa jiji la Dodoma, na tangu niongezewe kazi ya ushauri nasaha, madaftari hayo nimeyasoma kuliko mtu yeyote pale shuleni. La ruhusa limejaa wasichana. Kichwa, tumbo, kizunguzungu, kichwa tena. La nidhamu limejaa wavulana. Kapigana, katoroka, kalala darasani, kamjibu mwalimu. Chukua majina yanayojirudia huku na yanayojirudia kule, waite mmoja mmoja, kaa nao bila fimbo mezani. Mara nyingi utasikia ugonjwa uleule, sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ukisimuliwa kwa midomo miwili.

Nasema mara nyingi. Wengine wana minyoo, na wengine ni watukutu tu, Mungu awasaidie.

Nianze na binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye mambo yake kadhaa nimeyabadilisha ili asijulikane. Anayeijua Dodoma anajua Oktoba ilivyo: mvua bado, vumbi limetanda, bati la darasa linachemka. Binti huyu alikuwa akivaa sweta. Lile sweta zito la shule tunaloliruhusu kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai, yeye alilivaa saa saba mchana mwezi wa kumi, amelivuta mpaka mapajani. Kwenye daftari la ruhusa alikuwa na malaria isiyoisha. Zahanati wanampima, hawaoni kitu, anarudi na vidonge vya maumivu. Hesabu alizokuwa akizipata darasa la saba zilikuwa zimemkimbia. Mama yake alidhani ni macho.

Siku alipokubali kuzungumza, alianza mbali. Alivunja ungo akiwa darasa la tano, kabla ya wenzake wote. Kufikia darasa la sita alikuwa na umbo la mwanamke, na bado alikuwa mtoto anayetaka kucheza rede. Njia ya kuja shule ni ndefu, na penye njia panda kuna kijiwe cha bodaboda ambapo kila asubuhi walimpigia honi na kumuita majina. Wasichana wenzake walipomwona amewatangulia wakasema lazima kuna mwanaume. Baba yake, aliyezoea kumpakia kwenye baiskeli kwenda naye mnadani, aliacha, na tangu hapo ujumbe wake ukawa unapitia kwa mama. Pengine baba wa watu alidhani anamheshimu.

"Madamu, mimi sijafanya kitu," aliniambia. "Ni mwili tu umekuja."

Somo la balehe mimi ndiye ninayelifundisha. Nachora ubongo ubaoni, naonyesha haipothalamasi inavyoiamsha tezi ya pituitari, na pituitari nayo inavyoziamsha ovari au korodani. Darasa linacheka, naendelea. Wasichana huanza kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14, ndiyo maana kidato cha kwanza unakuta kwenye dawati moja msichana aliyekwisha kukua na mvulana ambaye sauti yake bado ni ya kitoto, nao wamezaliwa mwaka mmoja. Kisichoulizwa kwenye mtihani ni kwamba kabla ya balehe wavulana na wasichana huugua sonona kwa viwango vinavyokaribiana. Njia zinaachana baada ya hapo. Mwaka 1998 Adrian Angold na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa North Carolina, Marekani. Walitaka kujua kinachowapandisha wasichana juu ya wavulana ni umri au ni mwili. Walichokiona ni mwili: ongezeko lilitokea balehe inapofika katikati, awe binti ana miaka kumi na mmoja au kumi na minne. Mwaka 2017 Rachel Salk, Janet Hyde na Lyn Abramson walikusanya takwimu kutoka nchi zaidi ya 90. Tofauti ilikuwa imeshaonekana kwenye miaka 12, ikafika kilele kati ya 13 na 15, ambapo uwezekano wa msichana kupatikana na sonona ulikuwa karibu mara tatu ya ule wa mvulana, kisha ikashuka na kutulia karibu na mara mbili kwa watu wazima. Kwa watoto wetu kipindi hicho cha kilele kinaanzia karibu na darasa la saba na kuishia kidato cha pili au cha tatu. Mitihani miwili ya taifa imo humohumo.

Watu wakisikia hivyo husema, "Basi ni homoni." Homoni peke yake haimwangushi mtu, wasichana wote wanazo, na wengi wao wanapita salama. Kinachoumiza ni mwili kufika kabla ya wakati, mahali ambapo mwili huo una maana kwa watu wengine. Binti wa Dodoma akishavunja ungo, macho ya mtaa yanabadilika siku hiyohiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akitakiwa awe na miaka 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kijijini hukumu hizo zinafika polepole. Inayofika upesi ni ile kauli ya mjomba, "huyu sasa ni mkubwa," ikitamkwa mbele ya mtoto anayesonga ugali.

Tafiti nyingi zimeeleza kwamba wasichana wa umri huu hupata misukosuko mingi zaidi itokanayo na uhusiano: kugombana na rafiki, kusemwa, kutengwa, ugomvi wa nyumbani. Sikuhitaji utafiti kuamini hilo, daftari la ruhusa linatosha. Siku makundi ya wasichana yanapogombana, kesho yake vichwa vinauma darasa zima.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, marehemu Susan Nolen-Hoeksema, aliyetumia maisha yake ya kazi kuchunguza namna watu wanavyokaa na huzuni. Aliona kwamba wanawake zaidi ya wanaume huirudia huzuni yao kichwani, sababu zake na maana yake, bila kufika kwenye hatua yoyote, na kwamba tabia hiyo huirefusha sonona. Mimi nimekulia kwenye zizi, na nilipoisoma hoja yake nilimuona ng'ombe aliyelala jioni akicheua: majani yaleyale yanapanda, yanatafunwa, yanashuka, yanapanda tena. Tofauti ni kwamba ng'ombe anapata lishe.

Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama kwa makini wale wasichana marafiki wawili wawili wanaokaa nyuma ya madarasa wakati wa mapumziko. Tunawasifu kwamba wanafarijiana. Amanda Rose na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti uliowafuatilia marafiki wa namna hiyo, wanaorudia shida moja kila siku. Kwa wasichana, urafiki uliimarika na huzuni nayo ikaongezeka. Kwa wavulana urafiki uliimarika, na huzuni haikuongezeka. Nililisoma tena jambo hilo, kwa sababu linaleta kichekesho kichungu: ambao wangenufaika kwa kuzungumza bila kulipia gharama hiyo ndio hao ambao hawazungumzi.

Na sasa nieleze kuhusu wavulana, maana wao ndio walionifanya niandike.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu alitoka upande wa Chamwino. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, mtama ukakauka ukiwa haujatoa suke. Baba aliuza ng'ombe, akaenda Kiteto kutafuta vibarua. Siku anaondoka alimshika mwanawe bega, akamwambia, "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii." Mtoto ana miaka kumi na mitano. Alikuwa amekwishapita jandoni, na humo wavulana hufundishwa mengi mazuri, lakini pia hufundishwa kwamba maumivu ya mwanamume hayana sauti.

Ndani ya muhula mmoja jina lake lilikuwa limelijaza daftari la nidhamu. Analala kipindi cha kwanza. Amepigana kwa sababu mwenzake alikanyaga kiatu chake. Amekutwa Soko la Sabasaba akibeba mizigo saa za masomo. Adhabu zake ziliandikwa pembeni: viboko, kumwagilia miti, viboko, arudi na mzazi. Mzazi wa kurudi naye alikuwa Kiteto.

Nilipomuuliza kama ana huzuni alinitazama kama niliyemtukana. "Sina huzuni mimi, madamu. Nina hasira tu. Na nimechoka."

Muuguzi wa afya ya akili aliyetufundisha walimu wa malezi alikuwa ametuonya kuhusu jibu hilohilo. Kwa mtu mzima daktari hutafuta huzuni; kwa kijana, hasira na kukereka kwa kila jambo huhesabiwa mahali pa huzuni. Alitufundisha tuanze na maswali mawili, ambayo hufungua lile dodoso la maswali tisa linalotumika hospitalini. Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au uliyekata tamaa? Kijana alilikwepa la pili. La kwanza lilimnasa. Alikuwa winga wa timu ya shule, na viatu vya mpira alikuwa amevigawa. "Nilimpa mdogo wangu. Sioni maana."

Mwanafunzi akigawa kitu anachokipenda, swali linalofuata lazima liulizwe, tena liulizwe wazi. Wengi wanaogopa kwamba ukimuuliza mtoto kama amewaza kujiua utakuwa umempa wazo. Haimpi; wataalamu wamelichunguza hilo sana, na kuulizwa kwa upole humpunguzia mzigo. Nilimuuliza. Alinyamaza, kisha akasema ameshawaza kwamba asingekuwepo ingekuwa nafuu kwa mama yake, kwa maana mdomo mmoja ungepungua.

Hatukumwacha peke yake siku hiyo. Mwalimu wa michezo alikaa naye, mimi nikampigia mama yake simu, na kabla ya jua kuzama walikuwa mbele ya mhudumu wa afya. Hakupewa dawa. Alipewa miadi ya mazungumzo na aliifuata, si yote, lakini iliyotosha kumrudisha kwenye usingizi na baadaye darasani. Nauli ndiyo iliyotusumbua kuliko ugonjwa. Walimu wachache tulichangishana.

Duniani kote wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, ingawa wasichana ndio wanaojaribu zaidi na ndio wanaopatikana zaidi na sonona. Nikiwaeleza walimu wenzangu jambo hilo huwa naweka madaftari yote mawili juu ya meza. Anayelia hutazamwa, hata kama ni kwa kuambiwa anadeka. Anayepigana huchapwa, na kesi inafungwa palepale.

Kuna tokeo moja katika ule utafiti wa 2017 lililonisumbua. Pengo kati ya wasichana na wavulana katika sonona iliyothibitishwa lilikuwa kubwa zaidi kwenye nchi zenye usawa mkubwa wa kijinsia. Ukiamini kwamba maonevu ndiyo chanzo pekee, ungetarajia kinyume. Mawazo yangu ni kwamba panapokuwa na usawa, msichana huwa na njia ya kumfikia daktari na kuandikwa; kwetu sweta linaandikwa malaria. Lakini hayo ni mawazo ya mwalimu wa Baiolojia, na silazimishi.

Kikwazo chetu kingine ni cha kwetu wenyewe. Dodoma tuna Hospitali ya Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ambayo watu husafiri kutoka mikoa ya mbali kuifuata. Sisi tunaokaa jirani nayo tumeigeuza tusi. "Wewe wa Mirembe," wanaambiana watoto wakikoseana penseli. Mama yake yule binti wa sweta, nilipotaja neno kliniki, aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwani mwanangu ni kichaa?" Nikamwambia, "Hapana, dada yangu. Kama angekuwa na kisukari ungempeleka?" Akasema angempeleka. Tukaelewana, lakini bibi alikuwa bado.

Bibi huyo nilimfuata nyumbani. Nilimwamkia kwa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, akacheka matamshi yangu, akanikaribisha kigoda. Kwake yeye mtoto alikuwa amekosa unyago. Zamani, alisema, binti akivunja ungo wazee wa kike wanamweka ndani, wanamwambia yaliyompata na yanayomngoja, na akitoka anatoka na watu. "Siku hizi mnampa kitambaa na kumwambia asiongee na wavulana. Basi." Nilimsikiliza kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli tupu. Nusu nyingine siitaki irudi. Katika mkoa wetu unyago wa baadhi ya koo ulikwenda pamoja na ukeketaji, na ingawa sheria ya mwaka 1998 ilipiga marufuku kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18, kisu hakikutoweka kwa sababu ya karatasi. Nilimuomba bibi kitu kimoja: akae na mjukuu wake jioni, amsimulie yeye mwenyewe alivunjaje ungo. Alikubali upesi mno. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwa binti huyo tiba ilikuwa na vipande vingi vidogo. Mwenyekiti wa mtaa alizungumza na kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, na honi zikapungua. Tulimpatia wenzake wawili wa kutembea naye asubuhi. Alipimwa damu, akakutwa nayo ni pungufu, jambo la kawaida kwa wasichana wenye hedhi nzito wanaokula ugali na mlenda bila nyama, na uchovu wake wote tusingeweza kuupa sonona. Alianza netiboli, ambayo naiamini kuliko mashairi ya kutia moyo, kwa kuwa mtu anayedaka mpira hawezi kucheua. Baba ndiye aliyekuwa mgumu. Hakuja shuleni hata mara moja. Ila siku moja binti alinieleza, kama jambo dogo, kwamba wamekwenda mnadani kununua mbuzi. Sweta bado analivaa siku fulani fulani, na simuulizi.

Shule yetu imekubali jambo moja, baada ya vikao ambavyo sitavisimulia. Mwisho wa kila mwezi mimi na mwalimu wa nidhamu tunakaa na madaftari yote mawili, na jina lililojirudia, liwe la kike au la kiume, linaitwa kwa mazungumzo kabla ya adhabu nyingine. Kwenye ubao wa matangazo tumebandika namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haikatwi pesa. Naona namba hiyo imeandikwa pia kwa kalamu nyuma ya mlango wa choo cha wavulana, na si mimi niliyeiandika huko.

Mwalimu wa nidhamu hakufurahia. Ni mtu mwema, ana miaka mingi kazini, na hoja yake si ya kipuuzi. "Madamu," aliniambia, "wakishajua kuna mlango huo, kila mtukutu atasema ana sonona."

Mmoja alijaribu kweli. Alikamatwa ameruka ukuta, akashika kichwa, akasema ana msongo wa mawazo, neno alilolitoa mstarini kwenye hotuba yangu mwenyewe. Nikamketisha. Nikamuuliza analalaje, anakula nini, nani anamuudhi nyumbani, lini mara ya mwisho alicheka. Alicheka palepale. Nikaendelea na maswali. Alipoona kipindi cha pili kinaingia na mimi bado naandika, aliniomba kwa adabu kabisa aende akamwagilie miti.

"Umeona?" nilimwambia mwalimu wa nidhamu. Akasema tusubiri tuone muhula ujao.